Ndege wa Mbeya Mjini: Namna ya Kuwajua Wenyeji na Wageni kwa Mwaka Mmoja

Mtu wa Dar akishuka Mbeya kwa mara ya kwanza, kitu cha kwanza kumpokea ni baridi, cha pili ni kunguru. Kunguru wa kwao ni mwembamba na shingo yake ni ya kijivu, uzao wa wale walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe taka. Wa huku ana mwili mkubwa zaidi, ni mweusi tii, na amevaa fulana nyeupe kuanzia kifuani hadi shingoni. Huyu ni wa Afrika, hakuletwa na mtu. Ukitazama vizuri zaidi, hasa ukipanda njia ya mlima Loleza, utakuta na wa tatu: mdomo mnene wenye ncha nyeupe, kifua cheusi, na kipande cheupe kisogoni tu. Huyo ndiye kunguru wa milimani. Mtu anayeweza kuwatenganisha hao watatu bila kubabaika, kazi ameshaianza.

Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege. Usizikimbilie. Mwongozo huu ni wa mtu anayekaa mjini, anayepanda daladala na bajaji kwenda kazini, asiye na gari la kwenda hifadhini kila wiki. Ninachokushauri ni njia moja, kwa mwaka mmoja. Mgeni humtambui mpaka uwe umemzoea mwenyeji, na ndege wa kuhama anajulikana zaidi kwa miezi ambayo hayupo.

Hatua ya kwanza: chagua njia inayoanzia mlangoni kwako

Iwe njia ya dakika 40 kwa miguu. Isiwe nzuri sana kiasi cha kuhitaji nauli, maana siku ya mvua utaiacha. Itafute yenye vitu vitatu: maji, hata kama ni mfereji wa bustani, miti mikubwa mchanganyiko, na uwanja wenye majani mafupi. Forest ya Zamani wana miti na bustani za nyumba za zamani. Watu wa Nzovwe na Iyunga wana vijito na mabonde ya mboga. Uyole kuna mashamba na malisho mapana. Sisi wa Iganzo tuna Loleza mgongoni, kwa hiyo tunapata wa mjini na wa mlimani kwa pamoja. Anayekaa Mwanjelwa au Soweto naye asikate tamaa, soko lina mwewe na kunguru wa kutosha, na nyaya za umeme ndizo viti vya mbayuwayu.

Usidanganywe na kijani. Shamba la mikaratusi au misindano linapendeza kwa mbali, lakini ukiingia ndani ni kimya. Mkuyu mmoja wenye matunda kando ya barabara utakupa ndege wengi kuliko safari yote ya kupita kwenye misindano.

Saa nzuri ni kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 3 asubuhi. Juni na Julai ni habari nyingine. Ukungu wa Mbeya ukiwa umelala juu ya mabati, ndege nao wanasubiri kama sisi. Toka saa 2, jua likishapiga, uwatazame wakiota jua.

Jambo moja la kuzingatia kabla hujanunua chochote: usinyooshe darubini kuelekea kambi, gereza, kituo cha polisi, uwanja wa ndege wala daraja la reli. Mimi niliwahi kusimama kando ya ukuta fulani nikimfuatilia ndege aliyetua juu ya antena. Mlinzi akaja polepole, akauliza, "Kaka, hicho chombo kinatazama nini?" Nikasema ndege. Akatazama juu, ndege alikuwa ameshaondoka. Nilikaa kwenye benchi la getini kwa saa mbili, na kilichoniokoa ni daftari lenye orodha ya majina ya ndege tangu Januari. Tangu siku hiyo daftari halitoki mfukoni.

Hatua ya pili: vifaa vichache

Darubini ina namba mbili, mfano 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ndio unaoingiza mwanga. Chukua 8x32 au 8x42. Muuzaji atakusifia ile inayokuza mara 20 au yenye kitufe cha kukuza na kupunguza. Iache. Kadiri inavyokuza sana, ndivyo mtetemo wa mkono wako unavyokuzwa pia, na kumtafuta ndege ndani yake ni kama kuchungulia kwa tundu la ufunguo.

Ukiwa dukani toka nje nayo, tazama maandishi ya kibao cha mbali. Ukiona mawili badala ya moja, au kichwa kikaanza kuuma ndani ya dakika moja, mapipa yake hayako sambamba. Rudisha. Kama unavaa miwani, kunja zile mpira za machoni.

Kumpata ndege ndani ya darubini ndiko kunawashinda wengi. Siri ni kutoyashusha macho. Mtazame ndege, ubaki unamtazama, kisha pandisha darubini ije yenyewe kwenye macho. Fanya mazoezi na kunguru juu ya nguzo, hana haraka.

Huna darubini? Anza bila. Miezi yangu minne ya kwanza sikuwa nayo, na ndiyo iliyonifundisha kusikiliza.

Daftari liwe dogo, na utumie penseli, sababu wino hauipendi mvua ya Mbeya. Simu itarekodi sauti. Kuna programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, iitwayo Merlin. Inasaidia, ila ichukulie kama jirani anayejua mengi na kuongeza chumvi. Isikuandikie daftari. Kama hukuona mwenyewe kile inachokuambia, usikiandike.

Hatua ya tatu: jifunze wenyeji kwanza

Miezi miwili ya mwanzo shughulika na hawa tu.

Shore ndiye saa ya mtaa. Anaamka kabla ya wote, kichwa cheusi chenye kishungi kifupi, mgongo wa kahawia, na chini ya mkia njano kama kiini cha yai la kienyeji. Mfanye yeye kuwa kipimo chako: kila ndege mwingine atakuwa mkubwa au mdogo kuliko shore.

Njiwa wenye ukosi mweusi nyuma ya shingo wako wa aina mbili, na watu wengi hawawatenganishi. Tetere ni mdogo, wa kijivu, na wimbo wake una silabi tatu anazozirudia mpaka ukereke. Mwenzake ni mkubwa, rangi yake inaelekea zambarau kifuani, jicho jekundu, na wimbo wake ni mrefu, una mapigo sita. Sikiliza kwanza, hesabu, ndipo utazame.

Kuzumburu nampenda kuliko wote, ingawa mwenye mpapai hatanielewa. Ni wa kahawia hafifu, ana kishungi, na mkia mrefu uliochakaa kama kamba ya kiatu. Wanatembea kikundi, wanarukia mti mmoja baada ya mwingine kwa foleni. Asubuhi ya Julai watazame vizuri: wananing'inia kwenye tawi, miguu imepanda mpaka usawa wa mabega, tumbo limeelekezwa jua. Manyoya ya tumboni wanayaachanisha ili ngozi ipate joto. Wanakaa hivyo kimya, sita au saba, kama nguo zilizoanikwa. Wakishapata moto ndipo wanapokwenda kwenye papai lako.

Mbwigu yupo juu ya waya muda huu unaposoma. Mweusi juu, mweupe chini, mkia mrefu, na mistari miwili myeupe mgongoni inayofanya kama herufi V. Mdomo una ndoano. Ana bucha. Kwenye seng'enge ya jirani yangu, upande wa banda la ng'ombe, niliwahi kuhesabu panzi wawili, kipande cha mjusi na nyigu mmoja, kila mmoja amechomekwa kwenye mwiba wake. Jirani alidhani ni watoto. Nikamwambia asubiri, haikupita saa, mwenye mali akaja, akang'oa panzi mmoja, akampiga kwenye waya, akameza.

Chozi utamkuta kwenye maua yenye shingo ndefu, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Dume mkubwa wa huku anang'aa rangi ya shaba, na mkia wake una manyoya mawili marefu ya katikati. Kwarara hahitaji utambulisho: ni ndege mkubwa wa kahawia mwenye mng'ao wa kijani begani, anayechimba minyoo uwanjani kwa mdomo mrefu uliopinda, na anayepita juu ya paa alfajiri akipiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Mnana wa milimani ana tumbo la njano na jicho la manjano hafifu, naye hukaa na mke wake tu, hajengi kijiji cha viota kama minana wengine. Chiriku wa kijani-njano anaimba juu ya alizeti. Yule mweusi na mweupe anayetembea uani akipandisha na kushusha mkia bila kupumzika, mimi namwita mtikisa mkia, na yupo mwaka mzima.

Kwa mwewe, kipanga na jamaa zao, anza na wawili. Mwewe ana mkia wenye panda, anauzungusha huku na huku akipaa kama usukani. Yule mwingine ana tumbo jeupe na mkia mfupi mwekundu wa rangi ya kutu, anaelea mahali pamoja juu ya miteremko ya Loleza. Wengine wa aina hiyo hiyo ni weusi mwili mzima, ila mkia ni ule ule.

Hatua ya nne: mwandike kabla hujampa jina

Kosa kubwa la wanaoanza ni kukimbilia jina. Andika kwanza ulichoona. Hili ni la kwangu, kama lilivyo daftarini:

"Jumamosi, saa 1:20, mawingu. Mdogo kuliko shore, mdogo hata kuliko chiriku. Juu kijani cha majivu, chini njano hafifu. Mstari wa njano juu ya jicho. Mdomo mwembamba. Yuko juu kwenye majani ya mgrevilea, hatulii hata sekunde, anaokota vidudu chini ya majani. Peke yake. Sauti: hu-wit, inapanda mwishoni."

Ukubwa, umbo la mdomo, mahali alipo kwenye mti, anachofanya, sauti, na ndipo rangi. Rangi iwe mwisho, maana mwanga wa asubuhi ni mwongo. Mdomo mwembamba ni wa mla wadudu. Mnene mfupi ni wa mvunja mbegu. Wenye ndoano ni wa mla nyama. Huyu niliyemwandika nilikaa naye wiki tatu bila jina. Tutarudi kwake.

Kila siku andika pia muda ulioanza na uliomaliza, na wale uliowazoea ambao hukuwaona. "Sikuona mbayuwayu hata mmoja" ni habari, na baada ya mwaka ndiyo habari yenye thamani kuliko zote.

Ukitaka kumbukumbu zako ziwafae wengine, zipeleke eBird, hazina ya bure iliyoanza mwaka 2002 inayokusanya orodha za watazamaji dunia nzima. Inakubali orodha ya uani kwako kama inavyokubali ya hifadhini.

Hatua ya tano: masikio

Nusu ya ndege hutawaona. Chukua sauti moja kwa wiki. Tipitipi, yule wa kahawia mwenye jicho jekundu anayejificha kwenye majani kando ya vijito, anaita kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa: pu-pu-pu-pu, inashuka, kisha inapanda tena. Kurumbiza anaimba jioni, anaanza taratibu na kuongeza mpaka anaonekana kugombana na nafsi yake.

Halafu kuna yule wa mvua. Ni kekeo mwenye kifua chekundu. Sauti tatu zinazoshuka, za nguvu, anazirudia mchana kutwa na mara nyingine usiku: pi-pi-piu, pi-pi-piu. Wakulima wanamsikia mvua zikikaribia, nao wananoa majembe. Kumwona ni kazi, kwa sababu anakaa juu ndani ya majani mengi na kifua chake chekundu hukioni. Hajengi kiota. Jike hutaga kwenye viota vya kurumbiza na jamaa zake, na kurumbiza anamlea mtoto aliyemzidi kimo. Kwa hiyo mahali unaposikia kurumbiza wengi, Novemba tega sikio: kekeo hatakuwa mbali. Yeye ni mhamiaji, ila safari yake haivuki Sahara. Anafuata mvua humu humu Afrika.

Hatua ya sita: tazama juu ya nyaya

Hapa ndipo wageni wanapojificha hadharani. Vile vijindege vinavyokatakata anga vyote tunaviita mbayuwayu, lakini ni koo mbili zisizo na undugu wa karibu.

Akitua kwenye waya, ni mbayuwayu. Teleka hatui kwenye waya kamwe; miguu yake ni mifupi mno, kazi yake ni kung'ang'ania ukuta. Mabawa ya teleka yamepinda kama mundu na magumu, anayapiga upesi upesi kisha anateleza. Yule mwenye kiraka cheupe kiunoni na mkia uliokatwa sawasawa anajenga chini ya madaraja na kwenye kona za majengo marefu.

Kati ya wanaotua, tafuta kwanza mwenye kichwa chekundu na tumbo lenye michirizi. Huyu anajenga kiota cha udongo chini ya paa, chenye mlango mrefu kama shingo ya kibuyu. Ni wa Afrika. Kisha tafuta mwenye koo jekundu na paji jekundu, mkanda wa buluu iliyokolea chini ya koo, na mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Huyo ndiye mgeni. Ana uzito wa gramu 20 hivi, kama vijiko vinne vya chai vya sukari, na amekuja kutoka Ulaya au magharibi ya Asia, akavuka jangwa la Sahara. Wengine wa ukoo huo wanateremka mpaka Afrika Kusini, Mbeya kwao ni kituo cha njiani.

Kuna kipimo rahisi kisichokosea: mgeni huyu hazai huku. Ukiona mbayuwayu anabeba udongo mdomoni Mbeya, siye yeye, hata kama jirani ataapa.

Na watu wakikuuliza kwa nini anakuja kwenye baridi ya Mbeya kama anakimbia baridi ya kwao, waambie hakimbii baridi, anafuata chakula. Ulaya ikiingia majira ya baridi wadudu wa angani wanakwisha, na huku ndiyo kwanza mvua zinawatoa kumbikumbi ardhini. Urefu wa mchana unapobadilika ndio unaomwambia mwili wake kwamba muda umefika.

Hatua ya saba: kalenda ya wageni

Mwaka wa ndege uanze Agosti, usianze Januari.

Mwishoni mwa Septemba na Oktoba, sikiliza juu sana angani, saa 4 hivi asubuhi. Sauti laini yenye mtetemo, pruu, pruu, utaisikia kabla hujaona kitu. Ni keremkerem wa Ulaya wakipita, makundi yenye rangi ya buluu tumboni na koo la njano. Wengi hawatui mjini. Oktoba mbayuwayu wa koo jekundu wanaanza kukaa kwenye nyaya. Nenda Uyole au popote penye ng'ombe na majani mafupi: kati ya miguu ya ng'ombe kuna ndugu wa yule mtikisa mkia, lakini huyu ana tumbo la njano. Mwenyeji ni mweusi na mweupe, mgeni ni wa njano. Kwenye mawe ya kijito kitwitwi mmoja wa kahawia, tumbo jeupe, anayetingisha nyuma yake yote bila sababu, naye ametoka kaskazini.

Novemba mvua zikishika, usitoke nyumbani bila daftari. Kekeo anaita. Jamii ya vipanga wa kahawia kutoka Asia ya kati na Urusi wanapita wakielea wengi wengi. Kumbikumbi wakiruka jioni, tazama nani amekuja kwenye karamu: kozi wadogo wenye mabawa marefu, miguu ya rangi ya chungwa, wanakamata kwa kucha na kula wakiwa hewani. Baadhi yao wanatoka mashariki ya mbali ya Asia, mpakani mwa China na Urusi kwenye Mto Amur, na njiani wanavuka Bahari ya Hindi.

Na ndipo yule wa daftari langu. Kwa jina la kisayansi ni Phylloscopus trochilus, kijindege cha gramu 10 kinachozaliwa kwenye mierebi ya Ulaya kaskazini na Siberia. Nilimjua kwa ile hu-wit na ule mstari wa njano juu ya jicho. Tangu hapo kila mwaka naipitia ile migrevilea, na kati ya Novemba na Machi ni nadra kuikuta mitupu.

Desemba hadi Februari ni miezi ya korongo. Mweupe mkubwa mwenye mabawa meusi, mdomo na miguu myekundu, ametoka Ulaya. Mweusi mdogo mwenye tumbo jeupe yeye anazaa kaskazini ya ikweta, upande wa Sahel, na anateremka mvua zikija kusini. Mashamba yakivamiwa na viwavijeshi, hao wawili watakuwepo kabla ya bwana shamba.

Machi wageni wanabadilika. Wamemaliza kuvaa manyoya mapya, wanakula kupita kiasi ili wajaze mafuta ya safari, na wengine wanaanza kuimba. Kijindege cha mierebi, aliyekuwa akisema hu-wit tu, ghafla anatoa wimbo kamili unaoteremka kama mtu anayeshuka ngazi. Ukimsikia hivyo ujue anaondoka. Katikati au mwisho wa Aprili nyaya zinabaki na wenyeji.

Mei hadi Julai wengi wanaacha kutazama. Ni makosa. Baridi ikikaza huko juu, baadhi ya ndege wa misitu ya milimani wanashuka kutafuta chakula kwenye mabonde na bustani. Uhamaji wa kilomita chache, kutoka juu kwenda chini, nao ni uhamaji.

Hatua ya nane: kabla hujaandika "amehama"

Hili liliniaibisha. Kwa miaka miwili niliandika kwamba kweche wa njano ni mhamiaji. Unamjua: mweusi kabisa, begani na kiunoni njano kali, Februari anajitutumua juu ya nyasi ndefu kama mpira wa soksi. Ikifika Juni hayupo. Januari anarudi. Nikaandika: "Anaondoka Mei, anarudi na mvua." Nilifurahia ugunduzi wangu.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Julai, nilikuwa nimekaa kwenye tuta Uyole nakunywa chai ya chupa. Kundi la ndege wa kahawia wenye michirizi, wale tunaowaita shomoro na kuwapita, likaruka kutoka kwenye mabua ya mahindi. Mmoja aliporuka, kiunoni akamulika njano. Mwingine naye. Hawakuwa wamehama popote. Dume akimaliza msimu wa kuzaa anavua ile suti nyeusi na kuvaa kahawia kama mke wake, anabaki na njano yake kiunoni kama kitambulisho. Fumbwe naye ni vivyo hivyo, ule mkia mrefu unadondoka na anapotea machoni, si mtaani. Nilirudi nyumbani nikafuta kurasa kwa penseli.

Kwa hiyo kabla hujaandika kwamba fulani ameondoka, jiulize: majike wake je, nao hawapo? Ameondoka au amenyamaza tu, kwa kuwa hana sababu ya kuimba? Na wewe, wiki hizo ulitoka asubuhi, au baridi ilikushinda? Misimu miwili ya kutokuonekana, kwa kutoka kulekule na kwa saa zilezile, ndipo uandike.

Uani kwako, na mbali kidogo

Ndege wanakuja kwa maji kuliko kwa chakula. Sahani ya udongo yenye kina cha vidole viwili, yenye jiwe katikati, ibadilishwe kila siku, iwekwe mbali na mahali paka anapojificha. Panda mshubiri kwa ajili ya chozi. Punguza dawa ya kupulizia mboga, maana wanaokula viwavi wako ndio hao unaowasubiri.

Kiota kikionekana, kitazame kwa mbali na uondoke. Usimchezee ndege sauti yake kwenye simu mfululizo ili atoke. Anadhani ana mpinzani na anaacha kulisha watoto. Kwa vijana wenye manati na ulimbo, nimeona kufoka hakusaidii. Mpe mmoja darubini kwa dakika tano. Wakubwa waambie pia kwamba kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Bundi ana kesi yake. Akilia juu ya paa watu wanatafuta mgonjwa ndani ya nyumba. Wewe tafuta chini ya mti analolala: utakuta vitonge vya manyoya na mifupa, vile asivyoweza kumeng'enya. Vunja kimoja kwa kijiti. Vichwa vya panya vitakuambia anafanya kazi gani hapo karibu na ghala lako la mahindi.

Ukipata siku nzima na nauli, panda gari la Tukuyu. Kuna msitu wa Ziwa Ngosi, ambako shorobo anaruka na mabawa yake yanawaka wekundu ghafla kwenye kivuli. Rangi hiyo ina shaba ndani yake kweli, si maneno tu. Au shuka Isyonje ukate kwenda Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005. Uende kati ya Novemba na Machi, uchukue koti. Kwenye majani yale ya juu yupo tandawala anayetembea kama mkaguzi, na mbayuwayu wa buluu, adimu, mwenye mkia wa nyuzi ndefu, anayezaa hapo wakati wa mvua na kwenda pande za Ziwa Victoria kiangazi kikianza. Upande mwingine, mashamba ya mpunga ya Mbarali yatakuonyesha yangeyange na korongo, na kwelea kwa maelfu, ambao mwenye shamba hatakushukuru kwa kuwasifia.

Na siku moja huenda ukaokota korongo aliyegonga waya, mguuni ana pete ya chuma. Kama yu hai usiivue. Piga picha namba zote, zungusha mguu polepole usipitwe na herufi, andika tarehe na jina la kijiji. Maneno kama MOSKWA au RADOLFZELL ndiyo kituo kilichomvalisha, na kila kituo kina anwani ya kupokea taarifa kwenye intaneti. Watakujibu alivalishwa lini na wapi, mara nyingi alipokuwa bado kifaranga kiotani.